UZI: Umeambiwa una uvimbe mdogo kwenye figo? Soma kabla hujasaini kutolewa figo nzima

#1 — Mzee wa Katheta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

PM yangu imejaa swali la aina moja: mtu alikwenda kupima mawe kwenye nyongo, au vidonda vya tumbo, au mimba, na ultrasaundi ikaona "kitu" kwenye figo. Karatasi imeandikwa mstari mmoja tu. Mtu hajalala wiki nzima, ndugu wameshaanza kuchanga. Nipo kwenye kitengo cha mfumo wa mkojo, hospitali niachieni mwenyewe, nikaona niandike mara moja wote wasome.

Tunaposema uvimbe mdogo, tunamaanisha usiozidi sentimita 4 na ambao haujatoka nje ya figo. Ukithibitika ni saratani, hatua yake inaitwa T1a, ambayo ndiyo ya mwanzo kabisa. Naongelea watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu mwenye donge tumboni ni habari nyingine, huyo asisubiri uzi wowote, apelekwe hospitali kubwa leo.

Zamani saratani ya figo ilitambulika kwa mambo matatu: maumivu ya ubavu, damu kwenye mkojo, na donge linaloshikika. Siku hizi anayekuja na yote matatu ni nadra, na akija hivyo mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali. Uvimbe wa sentimita 2 kwa kawaida hauumi. Yale maumivu ya mgongo yaliyokupeleka kwenye kipimo yana uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye mgongo wenyewe.

Sasa, swali la kwanza si "ni kansa au si kansa". Swali la kwanza ni: ndani yake kuna maji au nyama?

Mfuko wa maji kwenye figo ni kitu cha kawaida sana, hasa ukishavuka miaka 50. Ukuta mwembamba, maji meupe ndani, basi. Huo hauhitaji dawa wala kufuatiliwa. Nimeona watu wametobolewa na kunyonywa maji ambayo hayakuwa yanamsumbua mtu, na baada ya muda yakajaa tena. Ila mifuko si sawa yote. Mwaka 1986 daktari wa picha aitwaye Morton Bosniak alitoa mpangilio wa kuipanga kwa madaraja, na mpaka leo ndio unaotumika, ulifanyiwa marekebisho 2019. Daraja I na II achana nayo. IIF ni ya kufuatilia. III ni nusu kwa nusu, na IV nyingi ni saratani. Ukiona neno Bosniak kwenye ripoti yako, tafuta namba iliyo mbele yake kabla hujaanza kulia.

Ikiwa ni nyama, ultrasaundi imefika mwisho wa kazi yake. Kinachofuata ni CT skani ya figo, na iwe ya awamu zaidi ya moja: picha kabla ya kuchomwa dawa ya kung'arisha, na picha baada yake. Mtaalamu anaangalia kama uvimbe "unakunywa" ile dawa. Ukinywa, ni nyama hai yenye damu yake. CT ya tumbo iliyopigwa mara moja tu na dawa tayari imeingia haiwezi kulinganisha, na hapo ndipo wengi hurudishwa kupiga tena na kulipa mara mbili. Ulizeni kabla ya kulipia. Kama kreatinini yako (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) iko juu au una aleji na dawa hiyo, kuna MRI.

CT hiyo hiyo hutatua mambo mengine mawili. Moja ni uvimbe wa mafuta, angiomiolipoma. Mafuta huonekana meusi kwenye CT na kipimo chake huwa chini ya sifuri, hivyo ukikuta mafuta dhahiri ndani ya uvimbe, jibu karibu limepatikana bila kukata kitu, nao si saratani. La pili ni uvimbe ambao si uvimbe. Wapo watu wamezaliwa na kinundu upande wa figo ya kushoto pale bandama inapoigandamiza, na ultrasaundi ya haraka hukiita "mass". Usaha na TB ya figo navyo huweza kujifanya uvimbe, kwa hiyo homa, kukonda na historia ya TB mwambieni daktari hata asipouliza.

Baada ya kuchuja yote hayo unabaki na uvimbe wa nyama, mdogo, usio na mafuta, unaokunywa dawa. Hata hapo bado si hukumu. Kati ya vimbe kama hizo zinazofanyiwa upasuaji, takriban moja kati ya tano hukutwa haikuwa saratani, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo uwezekano huo unavyopanda. Na nyingi kati ya zile ambazo ni saratani hukua polepole.

Nitaendelea na matibabu. Maswali ruksa, ila msiniwekee picha za ripoti zenye majina ya watu.

#2 — Binti Mkunazi

Mkuu ubarikiwe. Baba yangu ana miaka 74, ana sukari na presha ya muda mrefu. Wameona uvimbe sentimita 2.3 figo ya kulia, CT imethibitisha ni nyama. Daktari mmoja kasema figo itolewe mapema kabla haijasambaa. Mwingine kasema tumwache tuwe tunapima. Tumechanganyikiwa, familia imegawanyika, kaka mkubwa anasema huyo wa pili hataki kazi.

#3 — Mzee wa Katheta

Dada, mpe pole mzee. Huyo wa pili si mvivu. Kumfuatilia kwa mpango ni tiba inayotambulika, imo kwenye miongozo ya Wamarekani na Wazungu, na kwa mzee wa aina yake mara nyingi ndiyo huanza kufikiriwa.

Kanada walifuatilia wagonjwa 178 wenye vimbe ndogo, matokeo yakatoka 2011. Kwa wastani vimbe zilikua milimita 1 na kidogo kwa mwaka, na ambao saratani yao ilisambaa walikuwa kama asilimia 1. Marekani kuna utafiti ulioanza 2009 unaoitwa DISSRM. Ripoti yao ya 2015 ilikuwa na watu 497, wengine walitibiwa papo hapo, wengine wakachagua kufuatiliwa. Baada ya miaka mitano, kutokufa kwa saratani ya figo ilikuwa asilimia 99 kwa waliotibiwa na 100 kwa waliofuatiliwa. Msinielewe vibaya, hiyo haimaanishi kusubiri kunaponya. Inamaanisha waliochaguliwa vizuri na wakafuatiliwa kweli hawakupoteza nafasi yao.

Kwa mzee wa miaka 74 mwenye sukari na presha, kinachotishia maisha yake zaidi ni moyo na figo zenyewe kuchoka. Kabla ya kikao cha familia pateni majibu mawili: kreatinini pamoja na kiwango cha uchujaji (eGFR), na protini kwenye mkojo. Kama figo zake zimeshaanza kulegea, kumtoa moja ni kumsogeza kwenye mashine ya kusafisha damu. Kaka mkubwa aambiwe hivyo, halafu aulizwe nani atalipia kusafisha damu mara tatu kwa wiki.

Ila kufuatilia maana yake si kwenda nyumbani mkasahau. Picha ya kwanza ya kulinganisha baada ya miezi 3 hadi 6, halafu kila miezi 6 au mwaka kutegemea inavyokwenda, pamoja na picha ya kifua. Uvimbe ukikua zaidi ya milimita 5 kwa mwaka, au ukavuka sentimita 3 na kuendelea, mnakaa tena mezani na daktari. Kama mnaishi mahali ambapo kurudi kliniki ni nauli ya siku nzima na mnajua hamtarudi, mwambieni daktari ukweli huo, kwa sababu unabadilisha ushauri.

#4 — Chuma Chakavu

Wakuu mimi naona mnazunguka sana. Kuna kitu ndani, kinaweza kuwa kansa, toa figo, maisha yaendelee. Watu wanatoa figo kuwapa ndugu zao na wanaishi miaka 40. Figo moja inatosha. Na kuna utafiti mkubwa wa Ulaya uliolinganisha kukata kipande na kutoa figo nzima, waliotolewa nzima waliishi ZAIDI. Mwanzisha uzi mbona huo hukuuleta?

#5 — Mzee wa Katheta

Mkuu Chuma, nilikuwa nakuja huko, na nashukuru umeleta hoja yenye miguu.

Utafiti huo ni EORTC 30904, ulitoka 2011. Watu 541, uvimbe usiozidi sentimita 5, wakapangwa kwa kura: nusu wakatwe kipande, nusu watolewe figo nzima. Baada ya miaka 10 waliotolewa nzima waliokuwa hai ni asilimia 81, waliokatwa kipande 76. Kweli kabisa. Sasa yasome na mengine. Utafiti ulifungwa kabla ya kufikisha idadi iliyopangwa kwa sababu watu hawakujiandikisha vya kutosha. Waliokufa kwa saratani ya figo yenyewe walikuwa wachache mno kila upande. Uchambuzi uliofuata mwaka 2014 ulionyesha kuwa uchujaji (eGFR) ulishuka chini ya 60, yaani figo zimeanza kulegea, kwa asilimia 86 ya waliotolewa figo nzima, dhidi ya 65 ya waliobakiziwa. Ila walioishia kushindwa kabisa kwa figo walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia kukata kipande kunaongeza umri, huo ushahidi wa kura hana. Akikwambia kunaokoa nguvu ya figo, huo anao.

Kuhusu wanaochangia figo: hao wamechujwa. Mwenye sukari hapiti, mwenye presha mbaya hapiti, mwenye figo dhaifu hapiti. Mgonjwa wa uvimbe hachujwi na mtu, anakuja na umri wake, sukari yake na sigara zake. New York walichapisha mwaka 2006 habari ya wagonjwa 662 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4, figo mbili, na kreatinini ambayo kwa macho ilikuwa ya kawaida. Walipopiga hesabu ya uchujaji, asilimia 26 tayari walikuwa na ugonjwa wa figo kabla hawajaguswa na kisu. Kreatinini "normal" kwenye karatasi huwadanganya wengi, hasa wazee wembamba.

Msimamo wangu, na wenzangu wa kazi wako huru kunipinga: kwa uvimbe usiozidi sentimita 4, kama unatakiwa kutibiwa kwa kisu, swali la kumwuliza daktari ni "kwa nini isikatwe sehemu tu?" Majibu ya kweli yapo. Uvimbe umekaa katikati kabisa, umekumbatia mishipa mikubwa. Au hapo ulipo hakuna mpasuaji aliyezoea kazi hiyo. Hilo la pili ni jibu halali pia, ila dawa yake ni rufaa kwenda kwa aliyezoea, na uvimbe mdogo unakupa muda wa kufika huko. Mtu mzima mwenye uvimbe wa sentimita 2 si wa kulazwa Ijumaa na kupasuliwa Jumatatu.

Kukata kipande ni kazi ngumu kuliko kutoa nzima, hilo lisifichwe. Mshipa wa damu wa figo hubanwa, na saa huanza kuhesabu. Wapasuaji hujitahidi kumaliza ndani ya dakika 25 hivi ili figo isiumie kwa kukosa damu. Kuvuja damu na kuvuja mkojo baada ya upasuaji hutokea zaidi kuliko kwenye kutoa nzima. Wala si jambo jipya, mpasuaji Vincenz Czerny alilifanya Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1887. Lilikuja kuwekwa kando miaka ya 1960 mpasuaji Robson alipokufanya kutoa figo nzima kuwa kanuni, wakati ambapo vimbe zilionekana zikiwa kubwa kwa sababu hapakuwa na CT.

#6 — Dr Kigugumizi

Naunga mkono #5, naongeza moja. Kuna kuunguza uvimbe kwa sindano ya joto au kuugandisha kwa baridi bila kupasua. Inafaa zaidi usiozidi sentimita 3. Uwezekano wa uvimbe kubaki au kurudi mahali pale pale ni mkubwa kidogo kuliko kukata, ila inaweza kurudiwa, na kwa mzee asiyeweza kuhimili usingizi wa upasuaji ni mlango mzuri. Kwetu huku vifaa na watu wa kuifanya ni wachache, ndiyo maana mgonjwa huwa hasikii hata jina lake. Na kabla ya kuunguza lazima kinyama kichukuliwe kipimwe, la sivyo hutajua umeunguza nini.

#7 — Tomoko Halisi

Hapo kwenye kuchukua kinyama. Shangazi alikataa kabisa, kaambiwa ukitoboa kansa inatawanyika. Ni kweli?

#8 — Mzee wa Katheta

Hofu hiyo inatembea hata wodini. Kwa figo, chembe kufuata njia ya sindano ni jambo lililoripotiwa lakini nadra sana, hasa sindano ikipitishwa ndani ya mrija wake wa kinga. Linalotokea zaidi ni damu kuvilia pembeni ya figo, na mara nyingi huisha yenyewe.

Tatizo halisi la biopsi, yaani huko kuchukua kinyama, ni lingine. Kati ya kumi, moja hivi hurudi bila jibu, na jibu tupu halimaanishi uko salama, maana yake irudiwe. Pia kuna uvimbe usio saratani uitwao onkositoma ambao kwa kinyama kidogo hufanana na aina moja ya saratani, hata mpatholojia mzuri anaweza kuandika "haijulikani hakika". Ila jibu likisema saratani, liaminini.

Si kila mtu anaihitaji. Kijana mwenye afya, uvimbe unakunywa dawa sana, na atapasuliwa kwa vyovyote: biopsi haibadilishi kitu. Shangazi mwenye umri na maradhi, jibu litaamua apasuliwe au afuatiliwe: hapo ina maana. Mwulizeni daktari wake, "jibu hili litabadilisha nini?" Akishindwa kujibu, shangazi ana haki ya kukataa, lakini si kwa sababu ya kutawanyika.

#9 — Mpemba wa Mjini

Assalam alaykum. Mimi ndugu yangu alikuwa akikojoa damu, akatibiwa kichocho mara nyingi, mwisho wakakuta uvimbe wa figo. Kichocho kinaleta saratani ya figo?

#10 — Mzee wa Katheta

Waalaykum salaam. Kichocho cha mkojo kinahusishwa na saratani ya kibofu, si hii ya figo. Yanayohusishwa na ya figo ni sigara, unene na presha. Lakini umegusa jambo la kwetu. Kwenye visiwa, pwani na Kanda ya Ziwa, damu kwenye mkojo hupewa dawa ya kichocho kwa mazoea. Mara ya kwanza ni sawa. Mtu mzima akikojoa damu tena baada ya dawa, hasa isiyo na maumivu, apimwe figo na kibofu. Tena iwe picha, mkojo peke yake hautoshi.

#11 — Mama Kijacho

Samahani kuingilia. Mimi nina 29, nina ule wa mafuta, angiomiolipoma, sentimita 3.5. Nataka kubeba mimba mwakani. Nifunge mjadala au?

#12 — Dr Kigugumizi

Dada, usiufunge. Uvimbe huo si saratani, hatari yake ni kupasuka na kuvuja damu, na hatari hiyo hupanda ukikaribia au kuvuka sentimita 4, na pia wakati wa ujauzito. Onana na daktari wa mfumo wa mkojo KABLA ya kubeba. Anaweza kupendekeza mshipa unaoulisha uzibwe kwanza, au mfuatilie kwa karibu. Kama ziko nyingi, au figo zote mbili, au una vipele usoni visivyoisha au historia ya kifafa, mwambie, kuna ugonjwa wa kurithi unaokwenda nazo. Na ukiwa mjamzito ukapata maumivu makali ya ghafla ubavuni na kizunguzungu, ni hospitali usiku huo huo.

#13 — Tajiri wa Mizizi

Wakuu kuna dawa ya asili inayeyusha uvimbe wa figo ndani ya siku 21, haina kemikali. Njoo inbox.

#14 — Mzee wa Katheta

Mods, huyu mtazameni. Kwa wasomaji: uvimbe uliokuwa mfuko wa maji ungebaki kimya bila dawa yoyote, na hao ndio mashahidi wake wengi. Upande wa pili, Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokunywa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Chanzo kilikuwa mmea wenye asidi ya aristoloki. Mwenye uvimbe figoni hana akiba ya figo ya kuchezea.

#15 — Binti Mkunazi

Nimerudi. Baba uchujaji ni 52, protini ipo kidogo. Tumekubaliana afuatiliwe, kaka naye kakubali kwa shingo upande. Ila hospitali tuliyopiga CT ni mbali, tunaweza kuendelea na ultrasaundi ya hapa wilayani?

#16 — Mzee wa Katheta

52 hiyo inawaunga mkono. Ultrasaundi inaweza kutumika kwenye ufuatiliaji, mradi uvimbe unaonekana nayo vizuri. Fanyeni hivi: mara hii ya kwanza pigeni ultrasaundi karibu na tarehe ya CT, mwone kama vipimo vinakaribiana. Baada ya hapo tumieni mashine ile ile, na ikiwezekana mpimaji yule yule, aandike vipimo vya pande tatu na si "bado upo". Tofauti ya milimita 2 kati ya wapimaji wawili si kukua, ni mikono. CT ya rufaa muirudie endapo ultrasaundi itaonyesha imeongezeka kweli, au daktari akiomba.

Na ile CD ya CT ombeni nakala mkae nayo nyumbani. Ripoti ya karatasi haitoshi, mpasuaji anataka kuona picha mwenyewe. Presha ya mzee ishuke, sukari ishuke, na zile dawa za maumivu za diklofenaki anazonunua dukani kwa ajili ya magoti aziache, aulize mbadala kliniki.